Mizani na Somo Yake

Hilo la Mizani halikuwa jina lake la kuzaliwa. La kuzaliwa lilikuwa sawasawa na la mwenzake wa meza ya pili, ndiyo maana wawili hao waliitana somo tangu wiki walipoajiriwa katika maabara ile ya maradhi ya mifugo. Watu wengine, ili wasichanganye, ilibidi watafute la kuwatenganishia. Mmoja wakamwita Mizani kwa sababu mkono wake ulikuwa hautikisiki: ukimwambia avute tone dogo kuliko chozi la sisimizi, atalivuta, na mashine itakubali kwamba ndilo. Yule wa pili wakashindwa kumpa jina. Akabaki Somo tu, hata mkuu wa maabara akawa anamwita hivyo, kana kwamba alikuwa somo ya kila mtu.

Walikuwa chanda na pete. Damu ya mbuzi wagonjwa ilifika kwenye visanduku vya barafu, Mizani akaisafisha mpaka vikabaki vinasaba vitupu, Somo akavipokea na kuvipeleka kwenye mashine ya kuvisoma. Walikaa bega kwa bega, macho kwenye vichupa, midomo kwenye mambo yao. Maongezi yao yalikuwa kama viporo: yanaachwa Ijumaa, yanapashwa moto Jumatatu. Walizaa watoto wakiwa kwenye meza zile, wakazika wazazi, wakagombana kuhusu dirisha, kwa maana Somo alipenda lifunguliwe na Mizani alichukia vumbi.

Kisha kidole gumba cha Mizani kikaanza kutetemeka. Mwanzo alidhani ni njaa, akawa anakunywa chai kabla ya kazi. Halafu akadhani ni chai, akaiacha. Mtetemo ukahama kidoleni ukaingia kiganjani, na pipeti, kile kifaa chembamba cha kuvutia matone kwa kipimo, ikawa inagonga mdomo wa kichupa ti-ti-ti kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Daktari alimshika mkono, akauliza kama kwao kulikuwa na mtu wa namna hiyo. Mizani akamkumbuka marehemu baba yake, aliyekuwa akinywa uji kwa kuinamia bakuli.

"Basi umerithi," daktari akasema. "Hautakuua huu. Ila hiyo kazi ya matone, mama, anza kuiaga."

Mkuu wa maabara hakuwa mtu mbaya. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akazungumza polepole. Mashine mpya ya kusoma vinasaba, alisema, inatoa herufi nyingi mpaka hakuna wa kuzisoma. Kuna kozi chuo kikuu, mji wa pili, mwaka mmoja, wanafundisha kuandika programu za kompyuta za kuchambua vinasaba. "Nenda wewe. Ukirudi utakuwa hapa hapa na sisi, ila mbele ya skrini."

Katika maneno yote hayo, Mizani alisikia "hapa hapa" tu. Akakubali.

Mumewe, fundi wa majokofu, alimsindikiza stendi akiwa amebeba begi kichwani kwa kumchekesha. "Umeona maajabu haya?" akamwambia. "Mtu mzima anamwacha somo yake akafuate masomo." Mizani alicheka, lakini gari lilipoondoka aligeuza uso dirishani, abiria wa jirani wasimwone.

Chumba cha kompyuta cha chuo kilikuwa ghorofa ya juu, kirefu, na feni mbili zilizozunguka bila kupoza kitu. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la watoto wake. Walimwamkia shikamoo, wakampa kiti cha mbele kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza, maana kiti cha mbele kilikuwa chini ya pua ya mwalimu. Mwalimu alikuwa daktari wa hesabu, mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Mabano, kwani nusu ya maneno yake ilikuwa "umesahau mabano." Hakuwa mkali, wala hakuwa na mzaha.

"Kompyuta haikisii," aliwaambia siku ya kwanza. "Mwenzako ukimwambia 'nipe kile', atajua ni kipi. Hii haijui. Iambie yote."

Mizani aliposikia hivyo akamkumbuka mwenzake. Yeye na Somo walikuwa wakifanya kazi asubuhi nzima kwa "nipe kile".

Somo la kwanza lilikuwa kuhesabu herufi. Vinasaba vya kiumbe chochote huandikwa kwa herufi nne, A na C na G na T, na programu fupi iliweza kusema kila moja imetokea mara ngapi. Vijana waliimaliza kabla feni haijaamua upande wa kugeukia. Mizani alikuwa bado anapigana na kibodi. Mtetemo ulikuwa umemfuata mpaka huku: akibonyeza A zinatoka mbili, akibonyeza mabano yanatoka matatu, na kompyuta inamjibu kwa mistari myekundu. Aliketi na mikono mapajani, akaona haya kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Aliyemwokoa ni binti wa kiti cha pili, waliyemwita Mwanya kwa ule mwanya mzuri wa meno yake ya mbele. Hakuuliza kitu. Aliinama, akabonyeza hapa na pale kwenye mipangilio ya kompyuta ya Mizani, akasema, "Mama, nimeiambia ipuuze mbonyezo wa pili ukifuatana sana na wa kwanza. Jaribu sasa."

Mizani akajaribu. A ikatoka moja. Ni jambo dogo, lakini siku hiyo alimnunulia Mwanya soda, na kuanzia hapo wakawa wanasoma pamoja, mmoja akielezea mbuzi na mwingine akielezea mabano.

Chumba alichopanga kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, kina kitanda, meza, na ndoo yenye mfuniko. Jioni alimpigia mumewe, na baada ya mumewe akampigia Somo. Somo alimsimulia yote: nani amevunja nini, mkuu kavaa shati gani, kijana mpya aliyeletwa kushika meza ya Mizani anavyoimba puani. Mizani alikunjua kitenge mapajani na kusikiliza. Kitu alichokitamani hakikuwa habari. Alitamani ile hali ya kukaa na mtu bila kumtazama, mikono yenu ikijua kazi moja. Darasani alikuwa akigundua, katikati ya maelezo ya mwalimu, kwamba amesogeza kiti kushoto kidogo. Kushoto ndiko Somo alikokuwa akikaa.

Katikati ya mwaka ukaja mtihani. Waliambiwa waandike programu isome faili la vinasaba mstari kwa mstari mpaka mwisho. Mizani aliandika kitanzi, maana kitanzi ndiyo namna ya kuiambia kompyuta irudie kazi, lakini akasahau kuiambia iache lini. Kompyuta ikaenda, ikaenda, ikaganda na kila alichokiandika. Alipata alama ambazo hata mumewe hakumwambia. Akatoa begi chini ya kitanda, akakunja nguo zake, akampigia Somo.

"Narudi," akasema. "Nitafagia hata maabara. Nitaosha vichupa."

"Usiende popote," Somo akajibu. "Jumamosi nakuja."

Akaja kweli, na mfuko wa karanga na viatu vikiwa na vumbi la safari. Waliposhikana mikono getini Mizani aliona kwamba Somo amekonda shingo. Somo naye aliliona begi likiwa limefungwa kitandani, akalitazama kwa muda, kisha akaliweka chini ili apate pa kukalia.

"Nilikuwa na neno la kukwambia," akaanza.

"Usinibembeleze tu," Mizani akasema. "Kama umekuja kunibembeleza, rudi na karanga zako."

Somo akaingiza mkono kwenye mfuko. Akavunja ganda la karanga, akalivunja tena vipande vidogo. Hatimaye akasema, "Nionyeshe hicho unachofundishwa."

Walikwenda kwenye chumba cha kompyuta, ambacho Jumamosi kilikuwa na watu wachache. Mizani aliwasha mashine, akafungua programu yake ndogo ya kulinganisha vinasaba vya mbuzi wawili, ile aliyoandika na Mwanya. Herufi zikajipanga mistari miwili, juu na chini, na kila zilipotofautiana ikatokea nyota.

Somo akasogeza uso. "Hawa ndio mbuzi wetu?"

"Mbuzi wa vitabuni. Lakini ndivyo wetu watakavyoonekana."

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nabeba haya kwenye vichupa, na sijawahi kuyaona." Alicheka taratibu, akagusa skrini kwa ncha ya kidole kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala. "Somo, hii imalize."

"Nimefeli."

"Umefeli mtihani mmoja. Mtoto wako wa kwanza alifeli kutembea, ukamrudisha tumboni?" Kisha, bila kumtazama, akaongeza: "Maliza. Ukirudi nitakuwa pale pale, nimekuwekea kiti."

Kwa maneno hayo Mizani alipiga moyo konde. Alikwenda kwa Mabano Jumatatu, akamwambia kitanzi kilimshinda, na Mabano, aliyeonekana hana muda wa mtu, alivuta kiti na kukaa naye mchana mzima. Alimchorea kitanzi kwenye karatasi, akamwambia akifuate kwa kidole, hatua moja moja, kama yeye ndiye kompyuta. Kidole cha Mizani kilitetemeka juu ya karatasi. Mwalimu alikingoja.

Baada ya hapo mambo yalianza kumfungukia, si ghafla, bali kama jicho linavyozoea giza. Alijifunza kuiambia kompyuta ifungue mafaili mia na isilalamike. Alijifunza kupanga vimelea kwa ukoo, mama na binti na binamu, kwa kutazama herufi walizorithi. Siku ambayo programu yake ilichora ukoo huo kwa mara ya kwanza, matawi yakishuka kwenye skrini, vijana walimpigia makofi, na yeye aligeuka kushoto kabla hajafikiri. Mwanya ndiye aliyekuwa pale. Mizani akamkumbatia, na machozi yalipomtoka kila mtu alidhani ni ya furaha. Nusu yalikuwa hayo.

Kwa kazi ya mwisho waliruhusiwa kuleta data zao. Somo alimtumia vinasaba vya vimelea vya mapafu ya mbuzi kutoka maabara, na Mizani alivifanyia kazi wiki nyingi. Alijua kwamba kila mstari uliokuwa mbele yake ulipita kwenye vidole vya Somo. Usafi wa kazi ile aliutambua kama unavyotambua mwandiko: hakuna herufi iliyofifia, hakuna sampuli iliyoingiliana na jirani yake. Alikuwa akizisoma hata baada ya kazi kwisha.

Simu za Somo siku hizo zilikuwa zimefupika. "Kazi nyingi," alikuwa akisema, au "mtandao mbaya huku." Mizani hakuuliza huku ni wapi.

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Mabano alimpa mkono na kumwambia, "Mabano yote yalikuwepo," na kwa mwalimu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Akarudi nyumbani, akapumzika na mumewe, na Jumatatu akaoga mapema, akavaa gauni lake la kazi, akaenda maabara. Hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja chumba chenye meza zao.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Kwenye kiti cha Somo aliketi kijana mwenye ndevu chache, na kwenye kiti chake mwenyewe kulikuwa na sanduku la glavu.

"Shikamoo mama," kijana akasimama. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Somo hajafika?"

Kijana akatazama mlango kama anayetafuta mtu mwingine wa kujibu. "Mama Somo alihamishwa. Ameenda kufungua maabara mpya kule juu milimani, kwa wafugaji. Ana miezi sasa." Akasita. "Hukuambiwa?"

Mizani alisema ameambiwa, alikuwa amesahau tu. Kijana alimsogezea kiti, yeye akakishika mgongo bila kukaa. Baadaye mkuu alimpeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, sasa kina kompyuta mpya, meza safi na kapeti. Akamweleza kwamba kule juu walihitaji mkono wa uhakika, na kwamba Somo mwenyewe ndiye aliyewaomba watu wote wasimwambie mpaka amalize. Mizani aliitikia ndiyo kwa kila neno. Akawasha kompyuta, na siku nzima hakuandika hata mstari mmoja.

Somo alipiga simu jioni hiyo. Mizani aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Mumewe, aliyekuwa mezani akisafisha vyuma vya jokofu la mtu, akauliza, "Mmekosana nini?"

"Alinidanganya. Alikaa kitandani kwangu, akala karanga, akaniambia atakuwa pale pale."

"Na usingeambiwa hivyo ungefanya nini?"

"Si hoja hiyo."

"Haya," mumewe akasema, akaendelea na vyuma vyake. Baada ya kitambo akaongeza, "Simu yake ikiita tena nitaipokea mimi. Nimemkumbuka na mimi." Lakini haikuita tena. Somo alijua mtu akikataa amekataa.

Kilichozivunja siku za kununa kilikuwa kazi yenyewe. Mafaili ya kwanza kutoka maabara mpya yalifika, na hayakuwa na mtu mwingine wa kuyasoma. Mizani aliyafungua akiwa ameuma meno. Sampuli ya kwanza safi, ya pili safi. Alipofika katikati akakutana na moja iliyojaa N, na N ndiyo herufi ambayo mashine huandika pale inaposhindwa kusoma. Mistari mizima ya N. Somo hakuwahi kutoa kazi ya namna ile. Mizani aliitazama, na hasira yake, aliyokuwa ameitunza vizuri, ikaingiwa na wasiwasi. Je, anaumwa? Akachukua simu.

Iliita mara moja tu.

"Somo," ikasema sauti ya upande wa pili.

"Sampuli moja haisomeki," Mizani akasema kwa sauti ya ofisini. "Ya mbuzi jike mzee. Ina N tupu. Una nini wewe? Unaumwa?"

"Siumwi. Damu iliganda njiani, barabara yetu mbovu. Nilijua itakusumbua. Nina nyingine ya mbuzi yule yule kwenye barafu." Akashusha sauti. "Kwa hiyo ungenipigia tu kama nimeharibu kazi?"

Mizani akaihamishia simu sikio la pili.

"Siku ile nilikuja kukuambia," Somo akasema. "Nilitoka nyumbani na maneno yote nimeyapanga. Nikakuta begi lako limefungwa. Ningekuambia, ungerudi kwenye nini?"

"Ningerudi kwako."

"Kwangu wapi? Nilishasaini. Ungerudi ukute kiti kitupu, na kozi umeiacha. Tungekosa vyote. Nikasema bora unichukie umemaliza."

"Sikukuchukia."

"Hukupokea simu."

"Nilikuwa nimekasirika. Kuchukia ni kazi nyingine."

Somo akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani, na wote wawili wakasikilizana wakipumua. Nje ya chumba cha Mizani mtu alikuwa anasukuma toroli la chupa.

"Huku niko peke yangu," Somo akasema. "Wapo wasaidizi wawili, watoto wazuri, lakini hawaongei. Nafungua dirisha navyotaka, hakuna wa kunigombeza. Nilidhani ningefurahi." Akavuta pumzi. "Ngoja niirudie hiyo sampuli sasa hivi. Usikate. Naiweka simu mezani."

Mizani akasikia simu ikilazwa juu ya kitu kigumu. Akasikia mlango wa friji, glavu zikivutwa, kisha pipeti, ule mlio wake mdogo wa kubonyezwa na kuachiwa. Alijua kila hatua. Alijua pale Somo alipokuwa akishika kichupa na kukiinamisha kwenye mwanga, ingawa hatua hiyo haina sauti. Mkono wake mwenyewe ulikuwa juu ya meza, ukitetemeka, naye akauacha.

"Vipi mkono?" Somo akauliza kutoka mbali.

"Uko vile vile. Ila kibodi imeuzoea."

"Na huyo kijana wa puani bado anaimba?"

"Anaimba. Mbaya zaidi, nimeanza kuujua wimbo."

Hivyo ndivyo walivyorudi kuzungumza. Mara nyingi sasa simu hulazwa mezani kule juu na mezani huku chini, na maongezi yanakwenda yakikatika, mmoja akivuta matone, mwingine akiandika mistari. Likizo ndefu Mizani alipanda kwenda kumwona, akakaa naye juma zima, na walipoagana walilia kama wasichana. Maabara ile ya juu haina chumba cha skrini, na hii ya chini haina nafasi ya Somo. Mkuu aliulizwa, akasema ataangalia, na bado anaangalia.

Ziko asubuhi ambapo Mizani anaacha kompyuta yake ikifanya hesabu, anakwenda chumba cha meza bila sababu. Anamuuliza kijana jambo analolijua. Anasimama kidogo kati ya viti viwili, anavuta ile harufu ya spiriti na glavu. Kijana amekwisha kumzoea, hamuulizi tena anamtafuta nani. Kisha Mizani anafungua dirisha, ingawa vumbi linaingia, na anarudi kwenye herufi zake.